Faini ya Babu na ekari zangu 7 za paina

Waliokulia Mufindi, huku Iringa, wanajua, mwezi wa tano ukienda mwishoni mvua zimeshakata, nyasi za mabondeni juu zimeanza kuwa njano lakini ukizipekua chini bado kuna ukijani, na asubuhi umande unakulowesha mpaka mapajani. Kipindi hicho hicho ndio nilimkamata Babu. Namwita Babu kwa sababu kijiji kizima kinamwita hivo, sio aliyemzaa baba yangu. Ilikuwa 2012, mimi katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, kijana wa kidaftari na kalamu mbili mfukoni, na tulikuwa tumepitisha sheria ndogo kwamba ni marufuku mtu kuwasha moto porini. Hakuna cha mwezi gani, hakuna cha saa ngapi, hakuna cha kibali, ni marufuku basi.

Nikamkuta saa kumi na moja jioni kwenye mteremko nyuma ya milanzi yake, ile mianzi ya kugema ulanzi, ameshika tawi bichi, anauchunga moto kama mtu anachunga mbuzi. Moto wenyewe ulikuwa hauvuki magoti, unakula nyasi hapa unaacha pale, moshi mweupe mzito wa kitu kibichi. Nikamwambia shikamoo Babu, akaitikia marahaba mwanangu, alafu nikamwandikia faini ya elfu 50. Hiyo shikamoo kabla ya faini mpaka leo ikinijia usiku nageukia ukutani.

Hakubisha. Alisema tu, "Mwanangu, hizi nyasi usipozichoma wewe leo, kuna mtu atazichoma mwezi wa kumi. Huyo utamwandikia kwenye daftari gani?"

Nikaona mzee anajitetea.

Sasa ili unielewe inabidi ujue hali ya kwetu miaka ile. Paina ilikuwa imewaingia watu kichwani. Sisi tumekua tunalitazama shamba la serikali la Sao Hill, lile lililoanza na majaribio mwaka 1939 na upandaji wake mkubwa ukaja miaka ya 70, miti mpaka macho yanachoka, na kila mwenye ekari mbili alitaka awe na kasao hill kake. Walimu wakapanda, madereva wakapanda, watu wa Dar wakaja na magari mazuri wakanunua milima mizima na hawakuonekana tena. Mimi nilipanda 2009, ekari 7, nafasi mita 3 kwa 3 maana yake ni miche kama 440 kwa ekari, jumla elfu tatu na kitu, niliuza ng'ombe wawili na baiskeli na bado nikadaiwa. Kwaiyo moto kwangu ulikuwa ni adui, na mtu aliyeshika kiberiti alikuwa ni adui vilevile, sikuwa na muda wa kutofautisha kiberiti cha Mei na kiberiti cha Oktoba.

Na marufuku yetu ilifanya kazi kweli, hapo ndio pa kusikitisha. 2012 hakukuungua, 2013 hakukuungua, 2014, 2015, tukapongezwa mpaka kwenye mkutano wa kata. Nyasi za mwaka huu zikaota juu ya nyasi za mwaka jana ambazo nazo zimelalia za mwaka juzi, ukikanyaga unahisi umekanyaga godoro. Kila mwezi wa sita na wa saba sakitu ikija inaziua zinakauka kama karatasi, yaani wale ambao hamjui sakitu, huku kwetu kuna asubuhi unaamka nyasi zina barafu nyeupe juu kama mtu kamwaga chumvi, jua likipanda zinabaki zimekufa. Mimi nilikuwa napita katikati ya hizo nyasi kila wiki kwenda kukagua paina zangu na nafsi yangu imetulia kabisa.

Oktoba 2016, siku ya Jumanne, nilikuwa Mafinga kununua misumari. Mke wangu akapiga simu, hakusema hata haloo, alisema "Baba Neema, bonde linawaka." Nikapanda bodaboda, kufika juu ya kilima nikaona moshi, na haukuwa ule mweupe wa Babu, ulikuwa mweusi unaviringika. Kumbe kuna mtu alikuwa anaandaa kinyungu chake, kile kishamba cha bondeni, kule chini, amekusanya takataka, akawasha saa sita mchana jua kali na upepo unavuma, alafu akaenda kula. Simlaumu sana, mahindi ya vinyungu ndio yanalisha watoto kwetu, ila saa sita jamani.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba moto unapenda kupanda. Baadaye nilifundishwa kuwa kila mlima ukizidi mwinuko kwa nyuzi 10 hivi, mwendo wa moto unakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu miali inalalia nyasi za mbele na kuzikausha kabla haijazifikia. Shamba langu liko juu ya bonde. Yaani nilikuwa nimepanda miti elfu tatu mwishoni mwa dohani.

Tulifika watu kama ishirini na matawi na majembe. Mimi nilikuwa nimevaa jezi, zile za polista, na mabuti ya mpira. Usije ukafanya hivo. Cheche ikatua begani jezi ikayeyuka ikashikana na ngozi, alama ninayo. Alafu tukasimama upande wa juu, tunausubiri moto uje tuupige, yaani tumejipanga mbele ya lori. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyewahi kuwa kibarua wa kuzima moto mashamba makubwa, alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa akatulazimisha tuzunguke tuingie kwenye sehemu iliyokwisha kuungua, mguu mmoja ukae kwenye jivu muda wote, tuupige moto kwa ubavuni. Barabara yangu ya moto, ule ukanda mtupu wa kuuzuia moto usivuke, ilikuwa mita 5 na nilikuwa sijaipalilia tangu Februari, moto haukuiona hata kuwa ni barabara. Nyasi zikaupandisha kwenye matawi ya chini ambayo nilikuwa sijayapogolea, matawi yakaupandisha kileleni, na paina ikishika kileleni hakuna tawi wala jembe, unasikia tu sauti kama mvua ya mawe kwenye bati. Ekari 7, miaka 7, sidhani ilifika nusu saa.

Jioni nikawa natembea tu. Na hapa ndipo nilipokiona kile kitu. Moto ule ulishuka upande wa pili wa kilima kuelekea nyumba za watu, na ulipofika kwenye mteremko wa Babu ukalala. Haukuzimwa na mtu, ulilala wenyewe. Kumbe mzee pamoja na faini yangu aliendelea kuchoma kila mwaka kimyakimya, vipande vidogovidogo, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, jioni jioni, kwaiyo pale moto ulikuta majani mafupi mabichi ya machipukizi na ng'ombe wameyanyoa vizuri, haukuwa na cha kula. Milanzi yake yote mizima. Nyumba tatu zilizo nyuma yake nzima, na moja kati ya hizo tatu ni ya mama yangu mzazi.

Nilikaa wiki mbili kabla sijaenda kwake. Nilikwenda na sukari kilo mbili na elfu 50 kwenye bahasha. Nikasema kamwene, akaitikia kamwene, akanikaribisha kigoda, akanimiminia ulanzi, sukari akapokea, bahasha akairudisha, akaanza kuniuliza habari za ng'ombe. Tuliongea ng'ombe saa nzima! Mimi nilikuwa nimejiandaa kulia kabisa. Mwisho akasema njoo mwezi wa tano.

Mwezi wa tano 2017 nikaenda, na elimu niliyoipata kwenye ule mteremko sijawahi kuipata darasani. Babu hatazami kalenda. Anachukua konzi ya nyasi anaikunja, ikikunjika bila kukatika anasema bado, ikikatika nusu na nusu ikakunjika anasema leo jioni, ikikatika yote anasema tumechelewa turudi nyumbani. Anawasha kwanza kipande kidogo kama mkeka anakaa kukiangalia, moto unaelekea wapi, moshi unasimama au unalala. Alafu haanzii chini. Anaanzia juu, upande ule upepo unakokwenda, ili moto uwe unashuka na unapigana na upepo, unatembea taratibu kama mtu anayerudi kwenye deni. Anatengeneza mstari mweusi kwanza, mpana hatua kumi na tano ishirini, na kila kinachofuata kinaishia kwenye huo mstari. Na anawasha saa kumi kwenda saa kumi na moja ili usiku na umande uje umsaidie, sio asubuhi ambapo jua linakuja kumsaidia moto.

Mwaka huohuo kulikuwa na semina ya afisa misitu, na mimi safari hii nilikaa mbele. Alitueleza kitu cha Zambia kilichonifanya niache kuandika nikawa nasikiliza tu. Miaka ya 1930, enzi za mkoloni, kule Ndola walitenga vipande vya msitu wa miombo, kipande kimoja wakawa wanakichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine wanakichoma mapema nyasi zikiwa hazijakauka vizuri, kingine hawakugusa moto kabisa. Miaka ilivyokwenda, kile cha moto wa kuchelewa miti ikafa ikaisha pakabaki nyasi. Kile cha moto wa mapema kikabaki kuwa msitu wa miombo wenye miti yake. Na kile kisichochomwa kikafunga kikawa msitu mzito. Hapo mwenzetu mmoja akadakia, "sasa si ndio bora kutochoma?" na nilimpenda kwa hilo swali kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye daftari langu tangu 2012. Afisa akajibu, bora ndio, kama una uwezo wa kuhakikisha hauingii moto hata siku moja kwa miaka thelathini, na majirani wote wana vinyungu, wana mizinga, wana watoto wanaowinda panya. Wewe unao huo uwezo? Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Kwa kweli ndio kosa letu lilipokuwa. Moto porini kwetu utakuja, mtu wa kurina asali ataangusha kienge, mchoma mkaa tanuri litamtoboka, mtu atatupa kipisi cha sigara. Tulikuwa tunajadili uje au usije, wakati ungekuja tu, uamuzi tuliokuwa nao sisi ni uje mwezi gani.

2018 tukabadilisha ile sheria ndogo. Sasa mtu anaomba kibali kijijini, anawataarifu wote waliopakana naye, anakuwa na watu wasiopungua kumi, mabomba ya mgongoni yale ya kupulizia dawa yamejazwa maji, na baada ya Juni 20 hakuna kibali tena, kwa sababu sakitu ikishapiga vizuri mambo yanakuwa mengine. Tunalima barabara ya moto mita 10 kwa jembe na tunachoma ukanda wa nje yake. Ndani ya paina changa hatuchomi kabisa, naomba hili msilisahau, patula, hii aina ya paina tunayopanda, ina ganda jembamba ikiwa ndogo na moto hata wa magotini unaipika shina, ikifa haichipui. Mlingoti mwenzake, yaani mkaratusi, ni mbishi, yangu michache ya mpakani iliungua ikawa kama mkaa na Januari ikatoa machipukizi saba saba kwa kisiki. Paina haina hiyo. Ila ina ujanja wake mwingine, koni zake zinafunguka kwa joto, mvua ziliponyesha baada ya ule moto shamba langu lilijaa maotea kama mtu kamwaga mchicha, nikapunguza nikaacha yaliyonyooka, ndio hayo ninayoyategemea leo. Sikununua mche hata mmoja wa mzunguko wa pili.

Msidhani nilishakuwa bingwa. Juni 2019 tulichoma vizuri, tumemaliza saa mbili usiku, tunapongezana, mimi nikatangaza moto umelala. Kulikuwa na kisiki cha mlingoti ndani ya eneo tulilochoma, kinafuka kidogo tu, nikasema umande utakimaliza. Moto wa kisiki haumalizwi na umande, unaingia kwenye mizizi unatembea chini kwa chini. Siku ya tatu upepo ukaja ukauamsha, ukaruka kwa jirani ukala robo ekari ya miti yake ya miaka mitatu. Nikalipa. Kwenye kamati yangu mwenyewe, na katibu aliyeniandikia alikuwa binti mdogo mwenye kidaftari, akanisalimia vizuri shikamoo kwanza. Tangu siku hiyo tunazunguka kila gogo na kila kinyesi cha ng'ombe, unaweka mgongo wa mkono karibu bila kugusa, ukihisi joto unamwaga maji unakoroga na jembe unahisi tena, na tunarudi kesho yake na kesho kutwa.

Kuna kitu kingine huwa nakifikiria, hiki cha ng'ombe. Serengeti miaka ya 60 nyumbu walikuwa laki mbili na nusu hivi, ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa wakaongezeka mpaka zaidi ya milioni moja, na eneo linaloungua kila mwaka likapungua sana, kwa sababu nyasi ambazo zingeliwa na moto zinaliwa na nyumbu. Sisi huku tulikuwa tunafukuza ng'ombe wasiingie kwenye mabonde ili "kutunza mazingira". Siku hizi baada ya kuchoma mapema tunawaruhusu kwenye ukanda wa kinga, wanakuja kunyoa machipukizi, na wenye ng'ombe ndio wamekuwa wa kwanza kuja kuchoma maana wana faida yao. Ndani ya paina changa hapana, wanavunja.

2020 Oktoba ulipowaka Kilimanjaro pale Whona, kati ya Mandara na Horombo, tulikuwa tumekaa kwa Babu redio inaongea. Mamia ya watu walipanda kule, wanafunzi, askari, wanakijiji, wamebeba matawi kama sisi, na bado zaidi ya kilomita za mraba 90 zikaungua. Kijana mmoja akasema wangechoma mapema kama sisi. Babu akamkatiza, akamuuliza wewe umewahi kufika huko juu? Hapana. Basi usiwafundishe. Na yuko sahihi, mlima ule una mimea yake, hata hapa kwetu ile misitu ya asili ya mabondeni yenye ukungu hatuisogelei na kiberiti mwezi wowote, ile haijazoea moto na ukiingia hairudi vile ilivyokuwa. Tunachokijua sisi ni nyasi zetu na mteremko wetu.

Babu alifariki mwaka juzi, Machi, mvua zikiwa zimekolea. Mei yake tulipochoma ule mteremko nyuma ya milanzi nikaikunja konzi ya nyasi kama yeye, nusu ikakatika nusu ikakunjika, nikageuka nyuma kumuuliza.

Sasa tatizo nililonalo mwaka huu. Upande wa mashariki napakana na shamba la ekari 50 la mtu wa Dar, alinunua wakati ule wa homa ya paina, akapanda, mlinzi hamlipi mlinzi akaondoka, nyasi zake zinanifika kifuani na upepo wetu wa kiangazi unatokea hukohuko. Nimeomba kibali nichome ukanda wa mita 15 upande wake, kwa gharama zangu, watu wangu, maji yangu, kijiji kimekubali ila mwenye shamba lazima akubali. Nimempigia mara sita. Juzi akanitumia voisi ya sekunde tisa, anasema bosi, mimi paina zangu hizo ni pensheni yangu, mtu yeyote asiwashe moto karibu na shamba langu, nitamshitaki.

Nimeisikiliza hiyo voisi mara nyingi, maana ile sauti naifahamu, ndio sauti yangu ya 2012. Nimemtumia picha ya bega langu na picha ya ekari zangu 7 za ile jioni, tiki mbili za bluu zimetokea, hajajibu. Leo ni Juni 9. Nyasi nimeikunja asubuhi hii, bado inakunjika kidogo.